Sura ya Tano: Ngamia wa Ghalib, Vibaba vya Abu Aqil

Kati ya mwaka 656 na 661, Sayyidna Ali alipokuwa khalifa na makao yake yakiwa Kufa, nchini Iraki, watu wa Bani Tamim waliokuwa na mifugo yao nje ya mji walipatwa na njaa. Ghalib bin Sa'sa'a, baba wa mshairi al-Farazdaq, akachinja ngamia mmoja akawapikia jamaa zake. Bakuli moja la nyama akampelekea Suhaym bin Wathil, mkubwa wa ukoo wa jirani, mshairi naye. Suhaym akalimwaga lile bakuli, na aliyelileta akampiga. Yeye ni mtu wa kungoja chakula cha Ghalib? Akachinja ngamia wake mwenyewe. Kesho yake Ghalib akachinja wawili, na Suhaym wawili. Siku ya tatu, watatu kwa watatu. Siku ya nne Ghalib akachinja mia moja, na Suhaym, ambaye hakuwa na mifugo ya kutosha karibu, akanyamaza.

Waliporudi mjini, ukoo wake ukamsuta kwa aibu aliyowaletea. Suhaym akakusanya ngamia wengi kuliko wale wa mwenzake, akawachinja wote mahali paitwapo Kunasa, akawaita watu waje kujichukulia. Watu wakatoka mbio na vikapu vyao. Ali akawazuia. Nyama ile, alisema, haikuchinjwa kwa ajili ya Mungu, hivyo hailiki. Ikatupwa jalalani, wakaila mbwa na ndege.

Kisa hiki huwa kigumu kumeza mara ya kwanza. Njaa ilikuwa imepita karibuni, nyama ipo, na anayewazuia watu wasiile ni mtu mwadilifu ambaye maskini walimtegemea. Lakini Ali hakulizua jambo hilo. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa amekwisha kukataza kula chakula cha watu wawili wanaoshindana kwa karamu. Tunasimuliwa mara nyingi kwamba Uislamu unahimiza kutoa, na ni kweli. Kinachosemwa mara chache ni kwamba kuna kutoa kunakokataliwa, hata kama mpokeaji ana njaa na kitoweo kimenona.

Waarabu kabla ya Uislamu hawakuwa wachoyo. Kinyume chake, ukarimu ulikuwa ndiyo sifa yao kubwa, na jina la Hatim wa kabila la Tai limebaki kuwa mfano wake hadi leo, hata kwa mtu asiyejua kusoma. Alikufa kabla ya Mtume kupewa utume. Binti yake, Saffana, alipotekwa na jeshi la Waislamu na kuletwa Madina, Mtume alimwachia huru akampa nguo, kipando na masurufu ya njiani. Kaka yake, Adi, ndiye aliyekuwa na swali. Baada ya kusilimu alitaka kujua habari za baba yake: yule aliyelisha watu wote wale, ana nini mbele ya Mungu? Mtume akamjibu kwamba baba yake alitafuta kitu na alikipata. Alitafuta kutajwa, na ametajwa. Sijui jibu lenye upole na ukali kwa pamoja kama hilo. Hatim hakutukanwa, wala ngamia wake hawakudharauliwa. Ameambiwa tu kwamba amekwisha kulipwa.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunawafahamu akina Ghalib vizuri. Ngazidja, harusi kubwa hadi leo humla mwanamume akiba ya miaka, pengine fedha alizozichuma Marseille kwa kazi ngumu, na akimaliza kuwalisha watu wa mji wake ndipo hupata sauti barazani. Wenyewe wana hoja zao, kwamba bila harusi ile mji usingekuwa na umoja, na sitaki kuwaamulia. Huku kwetu Bara na Visiwani, angalia shughuli: noti zinavyoinuliwa juu ili mpiga video azione kabla hazijamfikia bibi harusi, na aliyetuzwa pesa nyingi mwaka huu anavyohesabiwa kuwa ana deni la kurudisha zaidi mwaka ujao. Mchezo ni uleule wa Kunasa, ila hapana wa kuja kuizuia nyama.

Sasa twende Madina, mwaka 630. Mtume alikuwa akiandaa msafara wa Tabuk, safari ya mbali, wakati wa joto kali, tende zikiwa zinakaribia kuiva na watu wakizitamani. Jeshi lilihitaji vipando na chakula, na waumini wakaombwa watoe. Visa vya wakubwa siku hiyo vinajulikana hadi madrasa: Uthman aliyemwaga dinari 1,000 mapajani mwa Mtume, Umar aliyeleta nusu ya mali yake akiamini kwamba safari hii atamshinda Abubakar, na Abubakar aliyeleta kila kitu.

Mimi humpenda zaidi Abu Aqil. Alikuwa hamali. Imepokewa kwamba sadaka ilipoamrishwa, maswahaba wasio na kitu walikwenda kubeba mizigo ya watu migongoni ili wapate cha kutoa. Abu Aqil alikuja na nusu pishi ya tende. Vibaba viwili. Kando yake alikuwapo mwingine aliyekuja na mali nyingi. Wanafiki waliokaa pembeni wakawasema wote wawili: huyu mwenye nyingi anatafuta sifa, na huyu mwenye vibaba, Mungu hana haja na sadaka yake. Aya ya 79 ya Suratut-Tawba ikashuka kuwatetea waliokejeliwa, na inawataja waziwazi wale wasiopata cha kutoa isipokuwa kwa jasho lao.

Hesabu ya mbinguni kuhusu jambo hili imeelezwa na Mtume kwa njia ambayo mhasibu yeyote angeipinga: dirhamu moja iliishinda dirhamu 100,000. Walipouliza inawezekanaje, akawaeleza habari za mtu mwenye dirhamu mbili tu aliyetoa moja, na tajiri aliyechota laki moja pembeni mwa mali yake kubwa. Wa kwanza ametoa nusu ya maisha yake. Wa pili hakusikia pengo.

Ni vyema tuondoe hapa mkanganyiko mmoja unaotusumbua sana. Zaka si ukarimu. Mwenye akiba inayofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikamkalia mwaka mzima wa Kiislamu, anadaiwa asilimia 2.5. Mkulima wa mvua anadaiwa sehemu moja ya kumi ya mavuno yake yakifikia kiwango, na anayemwagilia kwa gharama nusu ya hiyo. Wanaostahiki wametajwa katika Qur'ani, makundi 8, aya ya 60 ya sura ileile ya Tawba. Na Qur'ani inapozungumzia fungu la mwombaji na asiyekuwa na kitu katika mali za waumini, katika Suratul-Ma'arij na Suratudh-Dhariyat, inaliita haki. Ndiyo maana Abubakar, aliposhika ukhalifa mwaka 632 na baadhi ya makabila yakagoma kuitoa, hakuwabembeleza kama watu wanaoombwa hisani, aliwapiga vita. Tajiri anayegawa zaka yake akataka aimbwe kuwa mkarimu ni sawa na mpangaji anayetaka apongezwe kwa kulipa kodi ya nyumba. Ukarimu huanza pale deni linapokwisha.

Na unapoanza, jambo la kwanza linaloangaliwa ni ulimi.

Mjadala mrefu kuliko yote wa Qur'ani juu ya kutoa umo katika Suratul-Baqara, aya ya 261 hadi 274. Unaanza kwa ahadi nono: punje moja inayotoa mashuke 7, kila shuke punje 100. Msomaji hajamaliza kupiga hesabu ya 700 zake, aya inayofuata inaweka sharti: malipo hayo ni ya wale wasiofuatishia walichotoa kwa masimango wala maudhi. Aya ya tatu inasema neno jema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Ya nne inawaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao, na inampigia mfano anayetoa ili aonekane: jabali lenye vumbi juu yake, mvua kubwa ikanyesha, likabaki tupu. Aya tatu mfululizo, onyo mara tatu. Juu ya kiasi cha kutoa, aya hizo hazina neno.

Masimango hayahitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Kila aliyelelewa kwa ami au kwa shangazi ameyasikia, yeye mwenyewe au jirani yake. "Nisingekusomesha mimi, leo ungekuwa wapi?" "Unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unaninunia." Ada ya shule ililipwa kweli, wali uliliwa kweli, lakini mdomo umekwisha kuvichukua vyote na riba juu yake. Aliyesimangwa hawi na shukrani. Huwa na hesabu ya siku atakayoondoka. Na mara nyingi anayesimanga si mtu mbaya. Ni mtu aliyetoa kwa moyo safi, kisha akachelewa kuona alichokitarajia, na hasira ikamtoa siri ya kwamba alikuwa akitarajia.

Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliutibu ugonjwa huo kabla haujaanza. Alipotuma sadaka kwa mtu alimwagiza mjumbe asikilize vizuri dua atakayoombewa, ili naye amwombee mpokeaji dua ileile. Hapo dua italipana na dua, na sadaka ibaki nzima kwa Mungu wake, haijalipwa na yeyote. Hata "Mungu akubariki" ya maskini aliiona ni malipo. Sura ya al-Insan inawasifu watu wa namna hiyo, wanaolisha masikini, yatima na mateka, hali wenyewe wanakipenda hicho chakula, huku nafsi zao zikikiri kwamba hazitaki ujira wala shukrani.

Kisa cha taa ndicho ninachokiona kuwa kilele cha mafundisho haya. Mtu mwenye njaa alikuja kwa Mtume. Mtume akatuma nyumbani kwa wake zake, nyumba baada ya nyumba, na kila jibu likawa lilelile: hakuna isipokuwa maji. Akauliza nani atamkirimu mgeni huyu usiku wa leo, na mtu mmoja wa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, akamchukua. Kwake nako mkewe akamwambia hakuna kitu ila chakula cha watoto. Wakapatana: watoto walazwe, chakula kiletwe, na mke ainuke kana kwamba anaitengeneza taa, aizime. Wakakaa gizani na mgeni wao, wakijifanya wanakula, mgeni akala akashiba. Wao walilala njaa. Asubuhi Mtume alimweleza yule Ansari kwamba Mwenyezi Mungu ameridhishwa na walichokifanya, na aya ya 9 ya Suratul-Hashr imehusishwa na kisa hicho.

Wahubiri wetu hukaa sana kwenye njaa ya wale wenyeji. Njaa ni kubwa, sikatai, hasa ya watoto. Lakini kuwanyima watoto chakula ukampa mgeni kungeweza kufanyika na taa ikiwaka. Angekula akiwaona wenyeji wanameza mate, na kila tonge lingemkwama kooni. Mama yule aliyeinuka kuizima taa alifahamu kwamba mgeni ana njaa mbili, ya tumbo na ya heshima, akazishibisha zote. Mgeni aliondoka bila kujua kwamba kuna wema wowote mkubwa aliotendewa.

Mgeni naye ana adabu yake. Mtume aliweka ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na akamkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki. Wahenga wetu, waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wakali kidogo kwa siku moja.

Kutoka Madina hiyohiyo tunaye Ali bin al-Husayn, kitukuu wa Mtume, aliyejulikana kama Zaynul-Abidin na aliyefariki karibu mwaka 713. Kulikuwa na familia mjini zilizokuwa zikikuta chakula mlangoni usiku wala hazikujua kinatoka wapi. Alipokufa, chakula kikakatika. Walipomwosha walikuta mgongoni alama za magunia ya unga aliyokuwa akiyabeba mwenyewe gizani. Inasemekana kuwa watu wengine walikuwa wakimwona bahili mpaka siku hiyo. Alikubali kuitwa bahili katika mji wake mwenyewe, yeye ambaye babu yake mzaa baba alikuwa ndiye khalifa Ali. Sifahamu tajiri wa leo mwenye ubavu huo.

Wanawake wamebanwa kwenye pembe za vitabu katika somo hili, na si haki. Mtume aliwaambia wake zake kwamba wa kwanza wao kumfuata atakuwa mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Alipotangulia Zaynab bint Jahsh, mwaka 641, ambaye alikuwa mfupi, ndipo walipofahamu kwamba mkono uliokusudiwa ni wa kutoa. Zaynab alikuwa fundi: alitengeneza ngozi, akashona, na alichokipata akakitoa. Khalifa Umar alipompelekea posho yake ya dirhamu 12,000, kwanza alidhani ni ya wake wote wa Mtume wagawane. Alipoambiwa ni yake peke yake aliomba fedha zile zifunikwe kwa nguo. Kisha akamwagiza Barza bint Rafi', aliyekuwa naye, aingize mkono chini ya nguo, achote, apeleke kwa fulani na kwa fulani, jamaa zake na mayatima wake. Barza mwishoni akakumbusha kwamba hata yeye ana haki. Akaambiwa kilichobaki chini ya nguo ni chake. Wakahesabu wakakuta 85. Zaynab akaomba asiikute posho nyingine ya Umar, na hakuikuta.

Bibi Aisha naye aliwahi kuletewa dirhamu zinazokadiriwa 100,000. Alikuwa amefunga siku hiyo. Akakaa kuzigawa hadi zikaisha, jua lilipokuchwa akamwambia mtumishi wake alete futari. Ikaja mikate na mafuta. Mtumishi, ambaye naye tumbo lilikuwa likimwuma, akauliza: katika zote zile, hukuweza kutununulia nyama ya dirhamu moja? Aisha akamjibu asimlaumu. Angemkumbusha mapema angefanya. Hakuikataa nyama kwa utawa. Alisahau tu kwamba na yeye yumo nyumbani.

Lakini hapa pana hatari, na vijana wanaosoma visa hivi kwa hamasa hawaioni. Dini haikuwataka watu wote wafanye hivyo. Suratul-Israa inakataza mkono uliofungwa shingoni, na katika aya hiyohiyo inakataza mkono ulionyooshwa wote. Sa'd bin Abi Waqqas aliugua akadhani anakufa. Alikuwa na mali na binti mmoja tu, akataka kuusia theluthi mbili zitolewe. Mtume akakataa. Nusu? Akakataa. Theluthi moja akamkubalia, akisema hata hiyo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Ka'b bin Malik, toba yake ilipokubaliwa baada ya kukosa safari ya Tabuk, alitaka atoe mali yake yote kwa furaha. Akaambiwa abakize sehemu. Abubakar alikubaliwa yote. Sioni upendeleo. Mtume aliwajua watu wake, nani atalala usingizi akiwa hana kitu na nani ataamka akijuta.

Na Abu Talha, aliyesikia aya ya 92 ya sura ya Aali Imran inayosema wema haufikiwi mpaka mtu atoe anachokipenda, alikwenda kutoa shamba lake la Bayruha, lililoelekeana na msikiti, lenye maji matamu ambayo Mtume mwenyewe alikuwa akienda kuyanywa. Jibu alilopewa lilikuwa: wape jamaa zako. Akaligawa kwa ndugu na binamu zake. Hapo wengi wetu tunaumbuka, kwa sababu tunajua misikiti tuliyoichangia saruji wakati dada wa tumbo moja analala nyumba inayovuja.

Mtume mwenyewe, aliyegawa baada ya vita vya Hunayn ngamia mia kwa Safwan bin Umayya, adui yake wa jana, kisha mia nyingine, na nyingine tena, mpaka Safwan akakiri kwamba mtu aliyekuwa akimchukia kuliko wote amekuwa anayempenda kuliko wote, alifariki dunia deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri.

Ukarimu mkubwa huu wa ngamia na mashamba unaweza kumfanya mtu wa kipato kidogo ajione hana nafasi. Suratul-Ma'un inamrudisha. Ni sura fupi, aya 7, watoto huihifadhi mapema, na inamalizika kwa kuwakemea wanaozuia vitu vidogo vya matumizi. Ibn Mas'ud, swahaba, alivieleza kuwa ni vile watu wanavyoazimana: chungu, shoka, ndoo. Sura hiyohiyo inataja kumsukuma yatima na kuipuuza sala. Kinu, mbuzi ya kukunia nazi, sufuria kubwa la shughuli, jirani anakuja kuliomba na wewe unasema limetoboka: hayo yamewekwa kwenye orodha moja na mambo mazito ya dini. Abu Dharr aliusiwa kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Wanawake wa Kiislamu waliambiwa asidharau mmoja wao kumpelekea jirani kitu, hata kama ni kwato ya kondoo. Mtu aliyekunywa supu ya kongoro asubuhi ya baridi hatoona ajabu kwato kutajwa.

Mwishoni mwa mjadala ule wa al-Baqara wanatajwa maskini wa aina ya pekee, ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hawang'ang'anii watu. Watu hawa hawapangi foleni. Hawapiti madukani Ijumaa. Mwalimu wa madrasa ambaye wazazi hawajamlipa, mama aliyefiwa na mume anayeuza vitumbua huku akiwaambia watu biashara ni nzuri, mzee aliyestaafu ambaye kanzu yake ni safi lakini ni hiyohiyo. Kuwajua kunahitaji kazi, na kazi hiyo ya kutafuta na kuchunguza kimyakimya ndiyo sehemu ya ukarimu tuliyoitupa, kwa kuwa kumwita mtu aje ni rahisi kuliko kumfuata alipo.

Aprili 2023, siku chache kabla ya Idi, wafanyabiashara waliwaita maskini wa Sana'a, Yemen, wakapokee fedha ndani ya shule moja katika mji wa kale. Watu wakafurika usiku, msongamano ukatokea, na zaidi ya watu 70 wakafa. Fungu la kila mtu halikufika dola 10 za Marekani. Vita na ufukara wa Yemen vina sehemu yao katika maafa hayo, lakini na utaratibu wa kuwakusanya wahitaji mlango mmoja una sehemu yake.

Kwetu haifiki huko, aghalabu. Kwetu ni picha. Kila Ramadhani inaletwa mifuko yenye mchele, sukari, tende na mafuta. Bango linatundikwa nyuma. Bibi wa miaka 70 anasimamishwa, anakabidhiwa mfuko, anaambiwa asiuchukue kwanza, aangalie kamera. Kisha anaulizwa anasemaje. Atasema nini? Wajukuu wake wataiona picha ile kwenye simu za wenzao shuleni.

Wanaofanya hivyo wana hoja, na ni ya kweli kwa nusu: picha huwatia moyo wengine watoe, na wafadhili wa mbali wanataka ushahidi. Qur'ani haikukataza kutoa hadharani. Imesema ni vizuri, na kwa siri kwa mafakiri ni bora zaidi. Kuna hata tukio la mfano. Watu wa kabila la Mudar walifika Madina karibu uchi, uso wa Mtume ukabadilika kwa huzuni, akawahutubia watu, na Ansari mmoja akaja mbele ya wote na mfuko mzito ambao mkono wake ulishindwa kuubeba. Watu wakamfuata mpaka yakawa marundo mawili ya chakula na nguo. Mtume akasema aliyeanzisha jambo jema ana thawabu yake na ya watakaomfuata. Kilichoonekana na kuwavuta watu siku ile kilikuwa ni ule mfuko. Hatusikii kwamba wale wa Mudar walipangwa mstari wakashukuru mmoja mmoja. Taasisi inayotaka ushahidi ipige picha magunia ghalani, ioneshe risiti, ichapishe hesabu zilizokaguliwa. Sura ya mpokeaji haihitajiki katika ukaguzi wowote ninaoujua.

Kwa hiyo, msomaji, Ramadhani ijayo jaribu hivi. Lipa zaka yako kama deni, mapema, kwa hesabu kamili. Kisha waulize watu wawili watatu wanaoujua mtaa, imamu, muuza duka, mkunga mstaafu, nani amekuwa akikopa unga nusu kilo na zamani alikuwa akinunua kwa mfuko. Anza na wa ukoo wako. Ukishapata jina, mpe kijana wa bodaboda mzigo baada ya Isha, aubishe mlango, auache, aondoke. Na akiulizwa umetoka kwa nani, aseme hakuambiwa.